Kibandiko Begani mwa Zabibu

Hamugembe nzima, watoto wakimwona Safina walitawanyika migombani kama vifaranga walioona mwewe. Na mwenye kosa ni nani kama si wazazi? "Kula, au nimwite Safina na sindano yake!" Mwanamke kawachanja watoto wao dhidi ya surua tangu ujanani, malipo ndiyo hayo. Shukrani ya punda mateke.

Watu walisema amezoea. Wapi! Usingizini aliwaona watoto wakipanda kutoka ziwani, ndani ya ukungu, wakimwita kwa jina, wakicheka. Akiamka, ni mvua tu inanong'ona kwenye majani ya migomba. Kilichomuuma zaidi ni Zabibu, mjukuu wake wa miaka minne. Kila binti yake Rahima alipomleta kutoka Izigo kumsalimia bibi, mtoto alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Safina hakuwahi kumpakata, na alitamani hilo kuliko chochote.

Basi mwaka huo kituo chao cha afya kikapewa chanjo ya surua ya kujaribiwa, isiyo na sindano. Ni kibandiko kidogo chenye vincha vya dawa ambavyo jicho halivioni vizuri. Unakibandika begani, unakikandamiza kwa kiganja, unasubiri vincha viyeyukie ndani ya ngozi.

Rahima akamleta Zabibu. Mtoto akaanza kulia tangu mlangoni.

"Mawe, mama yangu! Utadhani anachinjwa," Rahima akasema kwa aibu.

"Si wewe uliyemjaza hofu?" Safina akamjibu mwanawe. Kisha akamnyooshea mjukuu mikono yote miwili. "Njoo ukague, mke mwenzangu. Kuna sindano hapo?"

Zabibu akakagua kiganja kimoja, akakagua cha pili. Akaketi kwenye benchi, mbali kidogo. Safina akaketi benchi hilohilo, akambandika begani, akaweka kiganja juu yake. Sindano ni kuchoma na kuondoka. Kibandiko hiki kilimtaka akae. Mvua ikaanza kwenye bati, chumba kikajaa harufu ya udongo. Zabibu alingoja maumivu, hayakuja. Akapiga mwayo. Akajisogeza, akajisogeza tena, kichwa kikatua mapajani mwa bibi yake.

Safina aliogopa hata kuvuta pumzi.

"Muda umetimia, dada," akasema Georgina, nesi mwenzake.

"Najua."

Zabibu akafumbua jicho moja. "Bibi, bado?"

"Bado kidogo," Safina akasema, na mkono hakuuondoa.