Gelatini, Shabu na Picha Moja ya Mzee Kasanda

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kamera. Fundi Mkuu wa studio, mtu mnene aliyetembea taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto, aliniuliza swali moja tu.

"Binti, umewahi kupika makongoro?"

Nikamwambia nimepika sana. Kwetu Ipuli mgonjwa hakuwa mgonjwa mpaka apelekewe supu ya makongoro, ile ya miguu ya ng'ombe.

"Ukiiacha sufuriani mpaka asubuhi, inakuwaje?"

"Inaganda, fundi. Ukiitikisa, inatetemeka."

"Basi hiyo ndiyo picha," akasema. "Mengine yote ni mbwembwe."

Nilidhani ananitania kwa kuwa nilikuwa msichana wa kwanza kuingia chumba chake cha giza. Kumbe alikuwa amenipa somo zima la kazi iliyonilea mimi na wanangu. Ninyi mnaopiga picha kwa simu na kuzitazama papo hapo, nipeni muda kidogo niwaeleze. Mkanda wa picha ni plastiki, na plastiki peke yake haishiki kitu. Juu yake hupakwa utando mwembamba wa gelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na ndani ya utando huo zimetawanyika chembe za chumvi ya fedha. Fedha ndiyo inayouhisi mwanga. Lakini gelatini ndiyo inayozishika chembe zile kila moja mahali pake. Ikilowa, inavimba na kuipisha dawa ya kutokeza picha, tuliyoiita developa. Ikikauka, inajifunga na kuitunza sura ya mtu miaka na miaka.

Tatizo ni kwamba kilichoganda huyeyuka, na Tabora mwezi wa Oktoba si mahali pa mzaha. Maji ya tangi la juu ya bati yalitoka bombani yakiwa tayari kwa chai. Ukisafisha mkanda kwa maji yale, utando unalegea na kuteleza, na bwana harusi anabaki hana kichwa. Kwa hiyo studio yetu ilikuwa na desturi yake. Tulipanga mitungi ya udongo kwenye mchanga uliolowa, tukaifunika kwa magunia mabichi ili maji yapoe, na kazi ya mikanda tuliifanya alfajiri kabla jua halijachomoza. Mwenye Studio, Mwarabu wa hapa hapa mjini aliyekijua Kinyamwezi kunishinda, alikuwa akiingia asubuhi na kulalamika, "Mimi nimefungua studio au nimefungua kisima?" Kisha anachota kikombe kimoja, anakunywa, anasema, "Lakini maji matamu."

Pale nilijifunza kazi hadi Fundi Mkuu akaacha kusimama nyuma yangu. Kisha nikachukuliwa na ofisi ya habari, nikawa nazunguka na Mkuu wa Picha, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Goweko tuliwapiga picha wakulima wa tumbaku wakati wa kuvuna. Mkuu wa Picha aliwakataza kushika picha kabla hazijakauka, nao wakaitikia vizuri, "Sawa, mheshimiwa," halafu wakazishika. Gelatini mbichi haisamehe kidole, na vidole vyenye utomvu wa tumbaku ndiyo kabisa. Mpaka leo nyumba nyingi za kule zina picha nzuri ya babu, na dole gumba la babu pembeni yake.

Ulyankulu tulikwenda masika, kupiga picha za watoto wa komunyo ya kwanza. Adui wa masika ni ukungu, maana gelatini ni chakula, na ukungu unaijua. Nilikuwa nakaanga mchele mkavu mpaka ubadilike rangi, naufunga kwenye kitambaa, nauweka ndani ya kopo la mikanda ili unyonye unyevunyevu. Mama aliyetupa chumba cha kulala alinikuta jikoni kwake nikikaanga.

"Mama, unapika bila maji?"

"Sipiki, mama. Ni wa picha."

Akaita majirani. "Njooni muone! Picha za Tabora zinakula wali!" Wakaja, wakacheka mpaka nami nikaangusha mwiko. Kila nilipopita mtaa ule baadaye niliulizwa kama picha zimeshiba.

Nilifurahia sana miaka ile ya kuzunguka. Lakini nilipopata mtoto wa pili nilitaka kulala kwangu, nikarudi studio ya zamani. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu na kiti chake nikakikalia mimi. Hapo ndipo alipokuja Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa Mzee Kasanda, muuza asali wa Isevya ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi na kilemba kipya. Alikuwa anaolewa na kijana wa reli, na baada ya harusi wangepanda treni kwenda kuishi Kigoma. Alikuwa na ombi moja tu.

"Dada, nataka picha ya baba niende nayo. Hajapigwa picha hata moja tangu azaliwe. Nikifika Kigoma nitamtazamia wapi?"

"Kwa nini hataki?"

"Kinyozi wa pale kwenu amemwambia mkanda unapikwa kwa mifupa ya nguruwe."

Mwenye Studio aliposikia, akapandisha mabega. "Mwambie ni ng'ombe. Apia. Yaishe."

Siku mbili baadaye mzee mwenyewe akaja, kanzu nyeupe, bakora mkononi, Zuhura nyuma yake. Hakukaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti, baba yako nilisali naye. Niambie kweli. Kile kitu kinachopakwa kwenye mkanda ni nguruwe?"

Zuhura alinitazama kwa macho ya kuomba. Mwenye Studio alikohoa. Mimi nilijua ngozi na mifupa ya ng'ombe hutumika sana, lakini nilijua pia kwamba kuna viwanda vinavyotumia ya nguruwe, na boksi la mkanda halisemi. Harusi ilikuwa Jumamosi na siku ile ilikuwa Jumatano. Neno langu moja lingempa Zuhura picha, au lingemnyima.

"Baba, sijui," nikasema. "Huenda ni ng'ombe. Boksi halijaandika, na mimi sikuwepo walipochemsha. Siwezi kukuapia."

Zuhura akafumba macho. Mzee akagongagonga bakora yake sakafuni.

"Nimeuliza watu wengi mji huu," akasema mwishowe. "Wote wameniapia. Huyu anaapa ng'ombe, yule anaapa nguruwe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona hicho kiwanda. Wewe peke yako ndiye umeniambia hujui." Akaketi kwenye kiti cha kupigia picha. "Na mimi sikuja kuila. Piga. Lakini mara moja tu. Ikiharibika, basi Mungu hakupenda, na mimi sikai tena."

Zuhura akasimama nyuma ya bega langu. Nikainama kwenye kamera, nikapiga mara moja. Mzee akainuka, akaaga, akaondoka na bakora yake.

Sasa sikilizeni balaa. Maji yale ya mitungi hayakutosha kuilinda gelatini wakati wa joto kali. Tulitegemea pia dawa ya kukaza utando, ambayo kwa kawaida huchanganywa kwenye fiksa, yaani dawa inayofanya picha isibadilike tena mwangani. Wiki ile fiksa yenye dawa hiyo ilikuwa haijafika, na iliyokuwepo haikuwa na dawa ya kukaza. Alhamisi alfajiri nikajaribu kwanza kipande cha mkanda nilichokipiga mimi mwenyewe, cha ukuta na dirisha. Utando ukabambuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Nilikalia ndoo, kichwa nimekiinamisha, nikamuona akilini Zuhura kwenye treni mikono mitupu.

Kulipokucha, nikatoka nje kupunga upepo. Kinyozi wa jirani, yule yule wa habari za nguruwe, alikuwa ndiyo anamaliza kumnyoa mteja wa kwanza. Akachukua jiwe la shabu, akalilowesha, akampaka mteja kidevuni palipokatika. Ngozi ikakaza, damu ikakatika. Nami nikasimama pale nikiwa nimeachama. Ngozi ni ngozi! Gelatini nayo ni ngozi iliyochemshwa tu. Tena nikakumbuka Fundi Mkuu aliwahi kuniambia kwamba hata ile dawa ya kukaza ya viwandani ni jamii ya shabu.

"Kaka, nipe hilo jiwe."

"La nini, dada? Umeota ndevu?"

"La kukazia picha ya Mzee Kasanda."

Akanitazama, akatazama jiwe. Alijua vizuri kilichopita, mji huu hauna siri. "Chukua," akasema. "Tena chukua na hili kubwa. Mzee yule picha yake ikiharibika atasema ni mdomo wangu."

Nililisaga kwenye kinu, nikaliyeyusha kwenye maji ya mtungi, nikachuja kwa kitambaa cha kuchujia chai. Nikajaribu tena kipande cha ukuta na dirisha: developa, suuza, maji ya shabu, fiksa. Dirisha likabaki dirisha. Lakini dirisha si Mzee Kasanda. Ijumaa alfajiri nikaingia na mkanda wake, nikiwa nimefunga kitambaa kichwani na dua mdomoni. Niliusuuza kwa maji ya mwisho polepole sana, kama ninayeogesha mtoto mchanga, kisha nikauinua kwenye taa.

Alikuwepo. Kofia, ndevu, mikunjo ya paji la uso, kila kitu mahali pake, na utando mgumu safi. Nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani. Mwenye Studio alikuja mbio akidhani kuna nyoka.

Jumamosi Zuhura aliipata picha ikiwa kwenye fremu, akalia hadi wanja ukachuruzika na mashangazi wakanigombeza. Mzee akaomba aione. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaishika tena mbali.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Hakuna aliyeniambia kuwa nimefanana na baba yangu," akasema, akacheka kicheko kikubwa ambacho sikujua anacho. "Binti, Idi ni lini?"

Tangu hapo, kila Idi, Mzee Kasanda alikuwa mteja wangu wa kwanza. Kanzu mpya, kofia mpya, mara na bakora, mara na chupa ya asali mapajani, akitabasamu kuliko watoto. Kinyozi naye alijitangaza kuwa mtaalamu wa picha, na hakuacha mpaka anafunga duka lake.

Baadaye zikaja mashine za rangi ambazo zinameza mkanda upande huu na kutema picha upande ule, kisha zikaja simu. Mitungi yetu ikahamia jikoni. Sikununa. Nilistaafu na macho yangu mawili yangali mazima na harufu ya dawa, kali kama siki, kwenye vidole, nikiwa nimeziona sura nyingi za mkoa huu zikitokeza kutoka kwenye weupe mtupu. Hakuna mshahara unaoweza kulipa furaha ile. Vijana wachache siku hizi wananunua tena mikanda na kuja kuniuliza, na wakija, nawauliza kama wamewahi kupika makongoro.

Mzee Kasanda alitutoka mwaka wa jana, amekula chumvi nyingi. Zuhura, naye sasa ni bibi, alikuja kwangu Ipuli na boksi. Picha za Idi zilijaa humo, moja nzuri kuliko nyingine, na ile ya kwanza ikiwa juu, imekunjamana kidogo pembeni.

"Wanangu wanataka nitundike moja ya hizi anazocheka," akasema. "Nimewakatalia. Nitatundika hii."

"Hii amenuna, Zuhura. Hizi ndizo nzuri. Mtazame alivyopendeza."

"Hizi zote anakutazama wewe, dada," akasema. "Hii ananitazama mimi."

Nikaichukua, nikavaa miwani. Macho ya mzee yalikuwa yamepita juu kidogo ya kamera, nyuma ya bega langu. Miaka yote hii nilikuwa nikidhani ananitazama mimi.