Mhina wa Zainaba

Nilifunga safari kwa sababu ya maneno ya mama mmoja wa Mirontsy, kisiwani Ndzuani, mchuuzi wa karafuu aliyefanikiwa kuvuka hadi Moroni. Aliniambia shemeji zangu wa Mutsamudu, huko huko Ndzuani, wamechoka. Mume aliyezuiwa ng'ambo na siasa, wanasema, si mume. Dada yao Zainaba apelekwe kwa kadhi akaachishwe. Ninyi ndugu zangu wa Unguja mmezoea kumchukua mke mkampeleka kwenu. Huku nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo kwangu ni Mutsamudu, na mimi nilikuwa nimekwama Mvouni, juu ya Moroni, nikisomesha watoto wa watu. Tangu Ndzuani ijitenge na serikali ya Moroni, meli zilikoma na simu zikawa bubu. Nilimtamani mke wangu hata chakula kikawa hakinipiti.

Moroni, asubuhi. Nahodha wa boti ndogo ya mizigo alinikatalia, kisha akakubali, mradi nijibanze katikati ya magunia ya unga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwelikweli. Baharini nilitapika mpaka heshima yote ya ualimu ikaniisha.

Bandari ya Mutsamudu, siku ya pili. Vijana wenye bunduki waliniuliza Mngazidja, mtu wa kisiwa cha Moroni, anatafuta nini kwao. Nikawaambia sikufuata bendera, nimemfuata mke. Mmoja akacheka, akauliza ni binti wa nani. Nilipomtaja mkwe wangu wakaniruhusu kukaa mpaka boti imalize kupakua, basi.

Mtaa wa Hamumbu. Vichochoro vyake ni vyembamba, bega linasugua ukuta. Kabla sijafika mlangoni nilipokewa na harufu tamu, nzito, ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu. Uani nikaukuta mhina wetu umerefuka kupita ukuta, umejaa vijiua vyeupe. Niliingiwa na hofu, nikadhani nyumba imehamwa. Hapo Zainaba akatoka. Viganja vyake vilikuwa vitupu, havina hata alama ya hina.

Kaka yake, Saidi, alikuwa ameketi kibarazani. Nilitazamia anikaripie, lakini alinyoosha kidole kwenye mti.

"Shemeji, mhina unaochumwa hauchanui," alisema. "Kila tukimtajia Zainaba habari ya kadhi, anatuonyesha huo. Anatuuliza, ajipambe kwa ajili ya nani?"

Nililia mbele ya shemeji yangu, na sioni haya kusema.

Alasiri Zainaba aliuchuma. Majirani wakaja kumsaidia kutwanga, wakinitania kwamba nimewaletea kazi, na mti ukabaki vijiti. Usiku ule viganja vyake vilikuwa vyekundu, na mimi nilivishika kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Siku ya kurudi, Saidi alinisindikiza bandarini. Hakutaka niondoke na matumaini ya bure.

"Tutasubiri mpaka uchanue tena," alisema. "Ukichanua hujarudi, atakwenda kwa kadhi, apende asipende."

Moroni tena. Kabla ya safari hii nilidhani maua ni dalili ya heri popote yanapoota. Sasa najua kwamba uani kwa mke mwenye mume wake, mhina haupati nafasi ya kuchanua. Viongozi wetu bado wanabishana, boti hakuna, na mvua zimeanza kunyesha Ndzuani. Watu wanashukuru. Mimi kila baada ya sala namwomba Mungu mti wa nyumbani kwangu usitoe ua hata moja.