Mwenye Nyumba Mpenda Hewa

Mwenye nyumba ana sauti ya kubembelezea mtoto na vidole visivyotulia. Akiongea na mpangaji hufuta vumbi lisilokuwepo ukutani. Watu wa afya walipoweka katika chumba cha chini, kitandani kwa mtoto, kopo la kupima radoni, gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini na kula mapafu, waliagiza madirisha yafungwe ili gesi isitoke kabla ya kupimwa. Mama wa chumba cha chini alirudi kutoka kazini akakuta dirisha wazi, kopo kwenye kizingiti chake, mwenye nyumba kasimama kando.

"Linahitaji hewa, dada yangu."

"Kopo lipate hewa, mwanangu je?"

"Likionyesha gesi nyingi watafunga nyumba. Mtalala wapi?"

Mama alilirudisha kopo kitandani kwa mwanawe, akafunga dirisha na mlango.

"Haya kaka, tuvute wote."

Mwenye nyumba akaziba pua kwa kola ya shati.