Mshono wa Fundi Suruali

Kabla ya kuitwa daktari aliitwa mtoto wa dobi. Mama yake alifua mashuka ya hospitali, naye akakulia chini ya kamba za kuanikia. Akitoka shule hupiga pasi kwanza, ndipo afungue daftari. Mungu akamfungulia njia, akasoma kwa viatu vya kuazima mpaka akarudi hospitali ile ile akiwa daktari wa upasuaji, mwanamke wa kwanza kushika kisu pale. Wauguzi walifurahi. Mji ulicheka.

Kicheko hicho kilimuuma zaidi mumewe, Fundi Suruali, ambaye cherehani yake ilikaa kibarazani, ubavuni mwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na ulimi usiojua kupumzika. Alisema mtoto wa dobi akishakupasua atakusuuza, akukamue, akuanike. Wateja wakacheka hadi wembe ukasimama hewani.

Basi chumba cha upasuaji kikabaki kinang'aa, hakina mtu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mbuzi wa mlinzi, aliyechanika kwenye seng'enge, naye hakuulizwa kama ameridhia. Wakubwa wakamwambia daktari kwamba wagonjwa wasipopatikana, chumba kitageuzwa stoo ya magodoro, na yeye atahamishiwa ofisini kugonga mihuri.

Fundi aliyajua hayo yote. Alijua na jingine ambalo hakumwambia mkewe: alikuwa na ngiri. Akikohoa tu, kitu kinachungulia kinenani kama paka aliyetiwa mfukoni. Akajishonea mkanda wa turubai, akawa anatembea kama aliyeficha yai. Si kwamba hakumwamini mkewe, alimwogopa. Mwanamke yule akikuta sufuria haijasuguliwa vizuri huirudisha kwenye maji bila kusema neno. Fundi hakutaka kulala uchi mbele ya macho ya namna hiyo, tena wauguzi wamesimama pembeni.

Akaaga kwamba anakwenda mji wa pili kununua vitambaa vya sare. Stendi, mkata tiketi alimwangalia anavyosimama upande upande. Huyo naye alikuwa mteja wake wa suruali, hivyo alikijua kiuno chake vizuri. Akauliza kwa sauti ya kutosha stendi nzima:

"Fundi, ngiri hiyo? Na wewe unakwenda kupasuliwa ugenini?"

Watu wakageuka. Kinyozi alikuwepo, amekuja kupokea mzigo wake, na uso wake ukajaa raha kama wa mtu aliyeletewa zawadi. Hapo Fundi akaona mambo yatakavyokuwa. Mume mwenyewe akikikimbia kisu, nani mwingine atakilalia? Akaona magodoro yakipangwa hadi darini, na mkewe na mhuri wake. Akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe ujasiri, na kama ujasiri umekwisha, basi angalau uongo mzuri. Siku ile hakupewa hata kimoja.

"Nilikuja kuuliza nauli tu," akasema, akaelekea hospitali kwa miguu, nusu ya stendi ikimfuata.

Mkewe alimkuta kwenye benchi la wagonjwa. Akamtazama yeye, akautazama mfuko wake wa safari.

"Vitambaa umepata?"

"Nipasue, Mama Watoto, kabla sijabadili mawazo."

Daktari hakumcheka wala hakumkaripia. Kesho yake asubuhi alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, kama mama yake alivyomzoesha. Sindano ya ganzi ya mgongoni iliua nusu ya chini ya Fundi, lakini ulimi ukabaki hai. Nje, chini ya dirisha, wanaume walikuwa wametega masikio wamsikie akilia. Ndani, Fundi aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona nyumbani: mikono ya mkewe inatetemeka. Basi akaanza kuongea. Akauliza uzi ni namba ngapi. Akauliza kama pindo limekunjwa mara mbili.

"Na usiache kitambaa cha kuongezea," akasema. "Umri huu sinenepi tena."

Muuguzi alikohoa ndani ya barakoa yake. Daktari akajizuia, akashindwa, akacheka, na mshono mmoja ukaenda kombo. Lakini kutetemeka kukaisha.

"Umeniharibia kazi," akamwambia. "Tulia. Humu ndani fundi ni mimi."

Fundi aliporudi kwenye cherehani, kinyozi alisubiri wateja waondoke, ndipo akaomba kuuona mshono. Akakagua kwa muda mrefu.

"Umekwenda kombo."

"Umeshika," Fundi akasema.

Kinyozi akakunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama daktari anauliza maswali mengi, maana hata yeye alikuwa na ngiri yake, ameibeba miaka. Alipopona yule mwenye maneno, wengine wakapanga foleni kama ya kunyoa.

Daktari alipasua mpaka akaota mvi, akafundisha wengine, chumba kikazaa jengo zima. Siku ya kumzika, Mungu amrehemu, mgeni rasmi alihutubia kuhusu jengo na vyeti mpaka jua likawageukia. Huku nyuma wazee walikuwa wakinong'onezana, kila mmoja mkono kiunoni. Kinyozi akajisifu kwamba mshono wake umenyooka kama umepigiwa rula, na kwamba wa Fundi ndio pekee uliopinda mji mzima.

Fundi akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Yenu imenyooka kwa sababu hakuwapenda."

Kinyozi akamshika mkono. Wakasogea pamoja kaburini.