Kioo cha Gari la Hajji

Watu wakinisifu kwamba nina mkono mwepesi kwenye umeme, nanyamaza. Hawajui siku niliyomfungia mtoto wa watu ndani ya gari, saa saba mchana, jua la kiangazi likiwaka.

Mimi ni mama Mkongomani, natoka Kivu ya Kusini, na nina kibanda sokoni Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, ninapotengeneza redio, simu na taa za sola. Kazi hii alinifundisha baba yangu. Mwanaume akifika mara ya kwanza huchungulia nyuma yangu na kuuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Mimi humjibu, "Ameenda kuoa mke wa pili, leta hiyo redio." Mdomo ninao, sikatai. Ndiyo maana mpaka leo nashangaa jinsi nilivyogeuka bubu siku hiyo.

Hajji ni mfanyabiashara wa Mbarara, anauza sukari na sabuni kwa jumla, na Kiswahili chake amekiokota kwa wanajeshi wa kambi ya Makenke, wateja wake wa zamani. Nilikuwa nimemtengenezea redio ya dukani, akaniamini. Asubuhi moja akanipigia simu.

"Mama fundi, hii gari yangu iko na shetani. Taa inacheza, kioo inagoma, redio inasahau kila kitu. Mafundi ya hapa wanasema tubadilishe kompyuta yake. Wewe kuja uangalie."

Gari lenyewe nililijua. Ni lile la mbio, jeusi, milango miwili, limeinama chini kiasi kwamba mtu mnene akiingia lazima avutwe kutoka. Hajji hulitoa siku za harusi na sikukuu tu. Nilifika kwake Ijumaa, nikamkuta amevaa kanzu, tayari kwenda msikitini. Akanipa ufunguo, akalipapasa gari mgongoni.

"Hii napenda kuliko bibi yangu," alisema. "Ukikwaruza hata kidogo, usirudi Mbarara."

Alicheka. Mimi sikucheka. Akaenda kuswali, nikabaki uani peke yangu na lile gari. Nyuma ya nyumba binti yake alikuwa anatwanga karanga kwenye kinu, na mjukuu wa Hajji, msichana wa miaka mitatu hivi, alikuwa anazunguka zunguka na ndala za mama yake miguuni.

Shetani wa gari mara nyingi hukaa kwenye betri, hana haja ya kompyuta. Nilifungua boneti na kumwona palepale: vichwa vya betri vimeota unga mweupe, na waya unaokwenda kwenye bodi ya gari umelegea hadi unacheza kwa kidole. Umeme ukikosa njia ya kurudi, taa zitacheza tu, kioo kitakwama katikati, redio itasahau. Nilikagua fyuzi moja moja kwa kuziinua juani, nikaona kauzi ka ndani hakajakatika kwenye zote isipokuwa moja. Hiyo mtu alikuwa ameizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nilimtukana huyo mtu ambaye hata simjui. Karatasi ya sigara haikatiki pale inapopaswa kukatika, kinachoungua ni waya, halafu gari. Nikaweka fyuzi ya namba ileile.

Kisha nikafungua betri kwa spana namba kumi, waya wa hasi kwanza. Nikaosha vichwa kwa maji ya moto, nikasugua kwa msasa hadi vikang'aa, nikakaza ule waya wa bodi. Kazi ya nyumbani kabisa, mtu yeyote anaweza. Lakini kuna sheria moja, na baba yangu aliniimbia sheria hiyo hadi nikaichukia: kabla ya kurudisha betri, ufunguo uwe mfukoni mwako na kioo kimoja kiwe chini. Gari lenye kufuli za umeme likirudishiwa moto wa betri ghafla linaweza kujifunga lenyewe.

Ufunguo ulikuwa ndani, umechomekwa. Vioo nilikuwa nimevipandisha vyote wakati wa kupima, kwa sababu ya vumbi. Na mlango mmoja niliuacha wazi, nikajiambia huo unatosha.

Nilipogusisha waya wa hasi, nikasikia: tak! Milango yote. Nikainua kichwa. Ule mlango wazi ulikuwa umevutwa ukafungwa, boneti ikinikinga nisione, na nyuma ya usukani aliketi yule mtoto, anaendesha, ananichekea.

Yesu wangu!

Nilitoa waya, nikarudisha. Kimya. Nikatoa tena, nikangoja, nikarudisha. Kufuli zililia tak, lakini hazikufunguka. Nikakimbilia dirishani. "Vuta! Mama, vuta hiyo!" Nikamwonyesha kwa kidole kishikizo cha mlango. Yeye akadhani ni mchezo, akanionyesha kidole na yeye. Kwao wanasema Kinyankore na Kiganda, na mimi sikujua hata neno moja la kumwambia avute. Nikaigiza kwa mikono yote miwili kama mwendawazimu. Akacheka. Kisha akachoka kucheka, akaanza kulia.

Nilichukua waya mgumu, nikaukunja ncha, nikaupenyeza kwenye mpira wa kioo. Gari lile ni jeusi, bati lake liliniunguza kiwiko. Waya ulifika, ukateleza. Ukafika tena, ukateleza. Mtoto alikuwa ameloa jasho, nywele zimegandana kwenye paji la uso, na sauti yake kupitia kioo ilikuwa ndogo kama inatoka nyumba ya jirani. Ule waya ulinikata kidole, nikaupenyeza tena.

Nyundo ilikuwa miguuni pangu. Niseme ukweli wote: niliiona. Niliiokota hata. Nikaishika, nikakitazama kile kioo, na badala ya kupiga nikatoa simu nikampigia Hajji kuomba ruhusa.

Mtu ambaye hajaishi maisha yetu ataniita mjinga, na hajakosea sana. Nilipofika Uganda nilikaa Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, nikingoja kuitwa, nikingoja kuonyeshwa fasi ya kujenga. Toka hapo nimeomba kila kitu: fasi ya kulima, mti wa kukata, karatasi ya kusafiri. Ukishika kitu cha mwenyeji bila kuambiwa, hata kama una haki, wewe ndiye utakayeulizwa, na pamoja nawe Wakongomani wote wa soko zima. Hilo limeingia kwenye mikono, si kichwani tu. Kichwa kilisema vunja. Mkono ulipiga simu.

Simu ya Hajji iliita bila kupokelewa. Bila shaka, alikuwa kwenye swala. Nilipiga mara ya pili. Nilipiga mara ya tatu. Mtoto aliacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, maana alilalia kiti, macho nusu wazi, kifua kikienda mbio. Na mimi, mama wa watoto wanne, nikapiga mara ya nne.

Mama yake alitokea kona ya nyumba akiwa na mchi mkononi. Nafikiri alichosikia ni ule ukimya wa mtoto. Alinitazama mimi, akatazama kioo, na hakuuliza lolote. Alikwenda upande wa pili, mbali na mtoto, akainua mchi, akapiga. Pigo la kwanza kioo kilijaa nyufa. La pili kikamwagika chote. Alipenyeza mkono, akafungua, akamtoa mwanawe kwa kumshika makwapani.

Tulimpeleka kivulini. Tulimvua gauni, tukamfuta kwa kanga yangu iliyolowa maji, tukamnywesha kidogo kidogo. Alitapika, kisha akalia kwa nguvu. Sijawahi kupenda kilio cha mtoto namna ile. Mama yake alikuwa anatoka damu kwenye mkono na hakuwa na habari.

"Ulikuwa unangoja nini?" aliniuliza kwa Kiswahili alichookota kwa baba yake, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kabla sijajibu simu ililia. Ni Hajji.

"Mama fundi, umepiga mara nne. Gari iko na nini?"

"Gari limepona, Hajji. Lakini lilijifunga mtoto akiwa ndani, na kosa ni langu. Nilipiga nikuombe ruhusa ya kuvunja kioo."

Nilisikia watu wanatoka msikitini, wanasalimiana.

"Mutoto iko aje?"

"Yuko mzima. Mama yake amevunja."

Alishukuru Mungu mara nyingi. Nilisubiri aniulize ni kioo gani, aniambie nisirudi Mbarara. Nilitaka anitukane, ningepumua. Lakini alipoongea tena aliongea polepole.

"Mama fundi. Kama ile ilikuwa mutoto yako, ungepiga simu kwanza?"

"Hapana, Hajji," nikasema.