Tulivyomwacha Kombo Kwenye Barafu

Siku yangu ya kwanza kwenye meli ya kuvunja barafu nilikabidhiwa nyundo ya mbao. Serahangi, mkuu wetu wa sitaha, akaniambia, "Maji yakirukia huku juu yanaganda. Ukiyaacha, meli inalemewa juu na kupinduka. Gonga!" Nikagonga mpaka mikono ikafa ganzi. Kando yangu alikuwa Kombo, Mpemba mwenzangu, anacheka peke yake.

"Mke wangu Zuhura anadhani niko Ulaya," alisema. "Ulaya yenyewe ndiyo hii?"

Vijana msidhani meli ile hukata barafu kama kisu. Huipanda kwa kifua, kisha uzito wake ndio unaoivunja. Kila mwaka tulipeleka chakula na mafuta kwenye kituo cha watafiti huko Antaktika. Bandari hakuna. Meli tuliifunga kwenye barafu yenyewe, kamba zikishikwa na magogo tuliyoyafukia, na mizigo ikaburutwa kwa trekta.

Miaka ikaenda. Mimi nikawa serahangi, Kombo akawa dereva wa trekta. Asubuhi moja ofisa mkuu alitoboa barafu kupima unene wake, akaridhika. Kombo akaondoka na mapipa ya mafuta. Tulikuwa bado tunamwona vizuri barafu ilipofunguka chini yake. Hata kishindo hakikuwa kikubwa. Trekta ikazama, mapipa machache yakaibuka, yakaelea. Tulikimbia na kamba, tukalala kifudifudi ukingoni, tukamwita. Maji yakaanza kuganda huku tunayatazama.

Kisha upepo ukageuka, mapande makubwa ya barafu yakaanza kuisogelea meli. Nahodha akaniita.

"Serahangi, fungua kamba."

"Nahodha, mtu wetu yuko chini."

"Najua. Tukibanwa hapa nitawapoteza na hawa wengine."

Kufungua kamba ilikuwa kazi yangu. Nilishuka nikazifungua mwenyewe, moja baada ya nyingine. Tulipofika maji wazi, Waislamu wachache tuliokuwamo tulimsalia bila maiti.

Sasa nimestaafu, naishi Ulaya ya kweli, mtaa wa Rayners Lane, kwa binti yangu. Wajukuu wakiniuliza juu ya kazi ile, huwasimulia habari za pengwini. Majuzi nikasikia Bi Zuhura ameletwa na mwanawe kuishi Kenton, mtaa usio mbali na wetu, nikaenda kumwona. Miaka yote hiyo alichoambiwa na kampuni ni kwamba mumewe amezama, basi. Nikamsimulia ilivyokuwa.

"Shemeji," aliniuliza, "mlimwita?"

"Tulimwita mpaka sauti zikakauka."

"Na ulipoondoka, ulitazama nyuma?"

"Nilisimama tezi, kule nyuma ya meli, mpaka pale mahali pakapotea."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikadhani nimemchosha, nikashika mkongojo wangu niondoke.

"Kaa, shemeji," akasema. "Nianzie tena tangu asubuhi. Alikuwa amekula?"

Nikakaa. Nikamwambia alikuwa amekula.