Rafaeli Aimba Kihispania Luanda Kotieno

Shangazi Awuor alituma neno Nakuru: binti yake anaolewa, na mimi ninayejiita mwanamuziki niende nikaimbe. Tena kwa Kijaluo. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Marehemu baba alikuwa Mjaluo wa reli, mama Mluhya, nasi nyumbani tulizungumza Kiswahili. Lugha ya baba niliijua ya kusalimia na kuombea chakula tu.

Nilimwomba Rafaeli anisindikize. Alifundisha hesabu shule ya jirani, na Jumamosi tulipiga gitaa pamoja. Alizaliwa Marekani, wazazi wake waliletwa huko wadogo kutoka Meksiko.

Ndani ya treni alinikuta nikikariri mashairi ya Kijaluo niliyojitungia, akatabasamu.

"Baba yangu alichapwa shuleni kwa kuongea Kihispania," akasema. "Akakikataza nyumbani, tusije tukachapwa. Hata bendi yangu ya kwanza iliimba Kiingereza tupu. Nyanya akitoa mzaha kwa Kihispania, mimi hungoja wengine wacheke, ndipo nicheke."

Kisumu tulikula samaki, tukapanda basi la kupitia Bondo. Luanda Kotieno tuliikuta feri ya Mbita ikipakia mbuzi na magodoro.

Alasiri, arusini, papo hapo kando ya ziwa, nikaimba. Akina mama waliinamisha vichwa. Nikadhani nimewagusa.

"Mtoto wa ndugu yangu," Shangazi akapaza sauti, "umesifu bibi arusi vile watu wanasifu ng'ombe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ziwa linimeze. Rafaeli akasogea mbele na gitaa lake, akaanza wimbo wa Kihispania aliosikia kwa nyanya yake. Katikati maneno yakamwishia, akamalizia kwa mluzi. Akina mama walikuwa tayari wanampigia makofi.

"Hiyo wimbo inasema nini?" Shangazi akamuuliza.

"Nusu yake sijui, Mama."

"Mwenye kukufundisha yuko hai?"

"Yuko."

"Sasa si umuulize!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, rudia."

Akanisahihisha neno kwa neno mbele ya wageni wote, mpaka wakainuka wakacheza.

Safari ya kurudi nilielewa kwamba miaka yote nilikuwa nikiionea haya lugha ambayo wenyewe walikuwa wakingoja tu niwaombe wanifundishe.

Kisumu, Rafaeli akaingia posta kupiga simu kwao. Nilimwona kupitia kioo cha kibanda cha simu akisema, akikwama, akijaribu tena. Akatoka macho mekundu, anacheka.

"Nyanya anasema naongea kama mtoto mchanga."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia anilee."